Nakuru au Kisumu: Ziwa Lipi Liwafunze Wanafunzi Kupima Afya ya Maji?

Shule ninayofundisha iko karibu na Londiani, kwenye mgongo wa Mau, mahali ambapo mvua hugawana njia. Ile inayonyesha upande wetu huteremka kwa vijito hadi Mto Nyando, ikapita Ahero katikati ya mashamba ya mpunga na kuishia katika Ghuba ya Winam ya Ziwa Viktoria, si mbali na Kisumu. Ile inayonyesha upande wa pili, kwenye Mau Mashariki, hushuka na Mto Njoro hadi Ziwa Nakuru. Chama chetu cha mazingira hupata fedha za safari moja ya basi kwa mwaka, na kila mwaka swali ni lile lile: tushuke upande gani?

Walimu wenzangu wa Kericho, Molo na Muhoroni wameniuliza swali hilo mara nyingi, nami nimepeleka makundi ya wanafunzi pande zote mbili kwa miaka ya kutosha kuweza kulijibu bila kubabaika. Maziwa yote mawili yamepakana na jiji. Kisumu ilipewa hadhi hiyo mwaka 2001 na Nakuru tarehe 1 Desemba 2021, na yote mawili hupokea maji ya mvua ya barabarani, takataka za mifereji na maji taka ya majirani zake. Hata hivyo ni maziwa ya asili tofauti kabisa, na mwalimu anayeyapima kwa kipimo kimoja atawapotosha wanafunzi wake, kama nilivyowapotosha wangu katika safari yangu ya kwanza.

Ninaposema afya ya ziwa sisemi usafi wa kupendeza macho. Ninauliza kama viumbe wanaostahili kuishi katika ziwa la aina hiyo bado wamo, wanapata chakula na kuzaana, na kama maji yanaweza kujirudi yakishapata pigo. Swali hilo haliwezi kujibiwa kabla ya kujua ziwa lenyewe ni la aina gani.

Ziwa lisilo na mlango na ghuba yenye mlango mwembamba

Ziwa Nakuru liko mita 1,759 hivi juu ya usawa wa bahari, sakafuni mwa Bonde la Ufa, na halina mto unaotoka. Maji huingia kwa mito Njoro, Makalia na Nderit, kwa chemchemi za Baharini zilizo upande wa mjini, na kwa mabwawa ya kusafishia maji taka. Hutoka kwa njia moja tu, nayo ni jua. Jua huchukua maji na kuacha chumvi, ndiyo maana hilo ni ziwa la magadi, ya jamii ile ile tunayotia kwenye mboga za kienyeji ili zilainike. Mwanafunzi akichovya kidole na kukisugua huhisi utelezi kama wa sabuni. Zamani karatasi ya kupimia pH, yaani kiwango cha asidi au magadi majini, ilikuwa ikionyesha 10 na zaidi bila shida. Siku hizi, baada ya maji kuongezeka, chumvi imepungua nguvu, ingawa maji bado ni ya magadi.

Kuongezeka huko si jambo dogo. Katikati ya miaka ya 1990 ziwa lilikauka karibu lote likabaki vumbi jeupe lililopeperushwa hadi mjini. Kisha, kuanzia mwaka 2010 hivi, maji yalianza kupanda, na ziwa lililokuwa na takriban kilomita za mraba 40 likapita kilomita za mraba 60 ndani ya mwongo mmoja. Lango kuu la mbuga lilimezwa na ikabidi lihamishwe. Migunga ya manjano iliyokuwa ikipamba ukingo ilikufa ikiwa imesimama, na hadi leo mashina yake yako majini, meupe, yamejaa minandi iliyotandaza mbawa kujikausha. Familia za Mwariki, Kivumbini na Barut zilipoteza nyumba na mashamba, na mwalimu mwenye busara atawaambia wanafunzi jambo hilo kabla ya kuanza kushangilia mandhari.

Ghuba ya Winam ni kona ya Ziwa Viktoria, yenye kilomita za mraba 1,400 hivi kati ya 68,800 za ziwa zima, na Kisumu imekaa mwisho kabisa wa kona hiyo, upande wa mashariki, mbali na mlango wa Rusinga ambako ghuba hukutana na ziwa kubwa. Maji ni baridi, yaani si ya chumvi, na ni ya kina kifupi. Kwa nadharia uchafu wa Kisumu unaweza kuchukuliwa hadi maji makuu na hatimaye Jinja, ambako Mto Nile unaanzia. Kwa kweli maji ya pembe hii hubadilishana polepole mno na yale ya nje, kwa hiyo rutuba na tope vinavyoletwa na Nyando, Sondu, Kibos na Kisat hukaa papa hapa kwa muda mrefu.

Tofauti hii ina matokeo kwa mwalimu. Nakuru unaweza kulizunguka ziwa kwa gari siku moja, ukaliona lote, ukazungumza kulihusu kama kitu kimoja. Kisumu utaona pembe tu. Wanafunzi wangu wakiandika katika ripoti kwamba "Ziwa Viktoria lina oksijeni kidogo" kwa sababu ya vipimo vitano vilivyochukuliwa kando ya gati, ninawarudishia daftari. Waandike jina la ufuo, saa na tarehe, basi.

Kijani cha Nakuru si kijani cha Kisumu

Hapa ndipo nilipokosea, na nitakaa hapa kidogo.

Safari yangu ya kwanza ilikuwa Nakuru, kabla maji hayajapanda. Tulishusha sahani ya Secchi, ile ya duara ya kupimia uangavu wa maji, iliyopakwa nyeusi na nyeupe robo kwa robo, nayo ikapotea machoni kabla haijafika kina cha mkono wa mtoto. Maji yalikuwa ya kijani kizito kama supu ya mchicha. Tulipima pH tukapata 10. Tuliangalia kitabu cha kemia, tukaona maji "mazuri" ni ya pH 7 na yanapitisha mwanga, tukaandika kwa kujiamini kwamba ziwa ni gonjwa mahututi. Ripoti ikaenda kwenye mashindano ya sayansi. Jaji mmoja, mama mtulivu ambaye hakutaka kutuaibisha, aliuliza swali moja tu: siku hiyo mliwaona heroe, yaani flamingo, wangapi? Tulisema hawahesabiki, ufuo wote ulikuwa wa waridi. Akauliza tena kama ndege hao walikuja kula ugonjwa.

Ule ukijani ulikuwa ni Arthrospira fusiformis, kiumbe mdogo wa jamii ya sianobakteria (bakteria tunaowaita pia mwani) ambaye hustawi katika magadi makali na ndiye chakula kikuu cha heroe mdogo. Mdomo wake umeumbwa kama chujio. Huuingiza majini ukiwa umepinduliwa, akasukuma maji kwa ulimi na kubakiza mwani. Katika Nakuru ya miaka ile maji mazito ya kijani yalimaanisha mezani pamejaa. Yakianza kuangaza ndipo palipokuwa na hofu. Mwaka 1974 mwani huo ulianguka ghafla, na heroe wakaondoka kutafuta riziki kwingine, jambo linaloonyesha kwamba hata bila kulaumu mji, ziwa la magadi lina misimu yake ya neema na ya njaa.

Sasa nenda Kisumu. Asubuhi tulivu, upepo ukiwa bado umelala, utaona karibu na ukingo rangi ya kijani inayofanana sana na ile, mara nyingine imeganda juu kama rangi ya mafuta iliyomwagika. Huyu ni ndugu mwingine wa jamii hiyo hiyo, mara nyingi Microcystis, na tabia yake ni tofauti. Hunufaika na fosforasi na naitrojeni inayotoka mashambani na kwenye maji taka. Baadhi ya aina zake hutengeneza sumu inayodhuru ini, sumu ambayo Shirika la Afya Duniani limeiwekea kikomo cha maikrogramu 1 kwa lita katika maji ya kunywa. Mwani huo ukifa kwa wingi, bakteria wanaouozesha humaliza oksijeni, na samaki walio kwenye vizimba, ambao hawana pa kukimbilia, ndio wanaoanza kuelea.

Kama shule yako ina hadubini hata moja, ibebe, au beba chupa za maji mrudi nazo. Ukikuza mara 100, Arthrospira ni nyuzi zilizojisokota kama springi ya kalamu, wakati Microcystis ni vifundo vya shanga ndogo ndogo zilizofungwa katika ute. Mwanafunzi aliyeona picha hizo mbili siku moja hatarudia kosa langu. Jambo la kuongeza ni kwamba huko Nakuru, tangu maji yapande na chumvi kupungua, hakuna uhakika wa kumkuta Arthrospira kwa wingi wa zamani, na darasa linaweza kwenda likakuta maji ya rangi ya kahawia. Hilo nalo ni somo, lakini ni somo gumu kwa anayeanza.

Sahani ya Secchi yenyewe ina kazi zaidi Kisumu. Katika miaka ya 1930 mwanga ulipenya mita kadhaa ndani ya Ziwa Viktoria. Kufikia miaka ya 1990 sehemu za ghuba hazikufika hata mita moja. Yetu tuliitengeneza kwa mfuniko wa ndoo, rangi mbili na kamba yenye fundo kila sentimita 10. Mara ya mwisho tulipokuwa kwenye ufuo wa Dunga, Kisumu, mzee mwenye mashua alitutazama tukijiandaa, akasema:

"Mwalimu, hapo mtapata nusu mita. Lakini twendeni mbele ya mafunjo, mtaniambia."

Tulipata sentimita 45 pale pa kwanza, na 80 mbele ya mafunjo, ambako maji yalikuwa ya rangi ya chai ya rangi badala ya kijani. Msichana mmoja wa kidato cha tatu akauliza, "Mzee, umejuaje na huna sahani?"

Mzee akainua kasia. "Siku nikiona ncha ya kasia langu, nyavu za mchana hazishiki kitu, kwa sababu samaki nao wanaziona."

Kwa hiyo wavuvi wamekuwa wakipima uangavu wa maji muda wote huo, ila kwa kipimo cha chungu. Tangu siku hiyo, kila kundi ninalopeleka hupewa sharti la kumuuliza mvuvi mmoja maswali matatu kabla ya kushusha chombo chochote.

Ndege wanaohama, samaki wanaobadilika

Ukitaka kusoma afya kupitia wanyama, Nakuru inakupa ndege na Kisumu inakupa samaki.

Nakuru ilikuwa eneo la kwanza la Kenya kuingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu muhimu duniani, mwaka 1990, na mwaka 2011 ikawekwa pamoja na maziwa ya Bogoria na Elmenteita kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Kuorodheshwa pamoja kuna maana yake. Heroe hawamilikiwi na ziwa moja. Leo wako Nakuru, mwezi ujao Bogoria, na kuzaa huenda Ziwa Natron, Tanzania. Kuna miaka walipita milioni moja Nakuru peke yake, na kuna miaka mwanafunzi hulazimika kuazima darubini kuwaona mia chache. Kupungua kwao Nakuru si ushahidi wa moja kwa moja wa uchafu, kwani huenda wamefuata tu mwani kwingine. Kadhalika vifo vyao vingi vya miaka ya 1990 vilihusishwa na sumu za sianobakteria, na metali nzito, na maradhi, bila sababu moja kuibuka mshindi. Anayetaka jibu la ndiyo au hapana asiwategemee heroe.

Kuna hadithi ndogo ya samaki huko pia, ambayo wanafunzi huipenda. Samaki mdogo wa magadi, Alcolapia grahami, aliletwa Nakuru kutoka Ziwa Magadi kuanzia miaka ya 1950 ili ale mabuu ya mbu. Alifaulu kuishi, na nyuma yake wakaja wari, wale ndege weupe wenye mfuko chini ya mdomo, wanaovua Nakuru na kuzalia Elmenteita. Mkono wa mtu uliongeza tabaka zima la walao na waliwao. Je, ziwa lilipata afya au lilipoteza asili yake? Swali hilo limewahi kutuchukua safari nzima ya kurudi, kutoka Njoro hadi tukaingia lango la shule.

Kisumu mambo hayana upole huo. Mbuta, yaani sangara, alipandikizwa ziwani miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa ametawala. Fulu, samaki wadogo wa rangi rangi waliokuwa wa mamia ya aina zisizopatikana kwingine, wengi walitoweka. Ngege wa asili akawa nadra. Omena alistahimili, na leo ndiye kitoweo cha wengi. Ukienda sokoni Dunga na orodha ya majina hayo, ukamwomba mama mwenye meza akuonyeshe alichonacho na akueleze alichokuwa nacho alipoanza biashara, utakuwa umepima mabadiliko ya ziwa bila kutumia kemikali yoyote. Angalia pia kamongo na kambare, wanaovumilia maji yenye oksijeni kidogo. Kapu lililojaa hao tupu lina habari yake.

Na mafunjo yasisahaulike. Kinamasi cha Dunga huchuja tope na kufyonza rutuba kabla havijaingia ghubani, na ni makao ya ndege ambao hawaishi popote ila kwenye mafunjo, na hata ya nzohe, swala wa majini anayejificha mchana kutwa. Watu hukata mafunjo kwa mikeka na vikapu, jambo ambalo kinamasi kinaweza kulibeba likifanywa kwa zamu. Kuyachoma na kulima mahali pake ni habari nyingine.

Kuhusu magugu maji nitasema machache, maana yameshaandikwa sana. Yalifika upande wa Kenya karibu mwaka 1990, yakafunika ghuba kupita kiasi kufikia 1998, kisha yakapungua kwa sababu ya fukusi walioachiliwa kuyala, pamoja na mvua na mawimbi ya El Niño. Yamerudi mara kadhaa tangu hapo. Upepo huyahamisha kutoka ufuo hadi ufuo, kwa hiyo usikubali kusema yamepungua kwa kuwa siku uliyofika hukuyakuta. Huenda yako Homa Bay.

Kinachoingia kutoka mjini

Nakuru mji uko juu na ziwa liko chini. Kutoka miteremko ya Menengai kila mvua kubwa huteremsha chupa za plastiki, mafuta ya gereji na mchanga, na kwa sababu ziwa halina pa kutolea, kinachoingia hubaki. Ukitaka kumwonyesha mwanafunzi kwa nini hilo ni zito, chukua bakuli la maji, tia chumvi kijiko kimoja kila siku, liache juani na uongeze maji tu kila yanapopungua. Juma moja latosha.

Kisumu mto wa kufuata ni Kisat, kwa sababu ni mfupi, unapita kati ya makazi na viwanda, na unaishia ghubani jirani na mtambo wa maji taka. Unaweza kupima sehemu tatu kwa asubuhi moja: juu, katikati na mdomoni. Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka 2006 zilisema maji taka yanayorudishwa kwenye mto au ziwa yasihitaji zaidi ya miligramu 30 za oksijeni kwa lita kwa kuozeshwa, kipimo kinachohitaji maabara na siku tano. Shule haina haja nacho. Tumia wavu wa neti ya mbu: piga tope kwa mguu uliovaa gambuti, kinga wavu chini ya mkondo, mwaga kwenye sinia jeupe. Ukipata mabuu mekundu tu ya visubi, wale ambao damu yao hushika oksijeni hata ikiwa haba, jua mkondo umechoka. Ukipata wachanga wa wadudu wanaopenda maji safi, wenye mikia mitatu nyuma, bado kuna uhai wa kutetea. Nyumbani kwetu Londiani wa mikia mitatu tunawapata. Mdomoni mwa Kisat hatujawahi.

Oksijeni ipimwe mapema. Kwa joto la nyuzi 25 na mwinuko wa Kisumu, maji yaliyotulia hubeba karibu miligramu 7 kwa lita, na samaki wengi huanza kuteseka zikishuka chini ya 4. Mchana mwani huzalisha oksijeni na kuifanya namba ipendeze, usiku nao huitumia. Darasa linalofika saa nane mchana hupima wakati ambao ziwa linajionyesha vizuri kuliko lilivyo. Kanuni hiyo inahusu maziwa yote mawili.

Nauli, vibali na hatari

Nakuru ziwa liko ndani ya mbuga ya taifa, chini ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Kiingilio hulipwa kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, kabla ya kufika langoni, na kuchota maji ya utafiti kunahitaji ruhusa iliyoombwa mapema kwa barua. Hamruhusiwi kushuka garini popote mnapotaka, kwani kuna nyati na simba, na hata sehemu zinazoruhusiwa ni vyema mwe na askari wa wanyamapori. Kwa hiyo wanafunzi 40 watatazama sana na kugusa kidogo. Nimewahi kutumia siku nzima mbugani, tukarudi na picha nyingi za vifaru na chupa mbili za maji.

Kisumu gharama kubwa ni mashua. Kubaliana bei na uongozi wa ufuo, si na mtu mmoja pembeni, na usiruhusu mtoto kupanda bila jaketi la kuokolea hata akiapa kwamba ni mwogeleaji. Maliza kazi ya majini kabla ya saa sita, maana alasiri upepo huinuka na mawimbi ya ghuba ni mafupi na yenye hasira. Viboko wapo. Kichocho nacho kipo, kwa sababu konokono wanaokibeba huishi kwenye maji baridi ya ukingoni, tofauti na magadi ya Nakuru wasiyoyaweza. Gambuti na glavu ni lazima, na hakuna kuvua viatu hata kwa picha.

Ningechagua lipi

Kwa darasa linaloanza, ningechagua Kisumu, nami nasema hivyo ingawa Nakuru iko karibu nasi zaidi na wanafunzi hupiga kura ya vifaru kila mara. Kule Dunga na Kisat mwanafunzi anashika chombo, anapima sehemu tatu, anaona namba zikibadilika kati ya mafunjo na mfereji, na anaweza kumuuliza mtu anayeishi na matokeo hayo kila siku. Chanzo na athari viko umbali wa kutembea. Tena vipimo vya vitabu vyetu, pH, uangavu, oksijeni, viliandikwa kwa maziwa ya maji baridi, kwa hiyo vinasema ukweli bila mkalimani.

Nakuru ningewapeleka wale waliokwisha kwenda Kisumu, hasa wa kidato cha nne wanaojua kemia ya chumvi na uvukizi, kwa sababu huko ndiko watakakokutana na ziwa linalokataa kipimo walichokizoea. Isipokuwa shule yako iko Njoro, Bahati au Nakuru kwenyewe: hapo usisafiri kabisa. Chagua daraja moja la Mto Njoro, pima kila mwezi kwa miaka mitatu, na namba zako zitakuwa na thamani kuliko safari kumi za siku moja za kwangu. Vivyo hivyo kwa shule ya Nyalenda au Manyatta iliyo hatua chache kutoka ghubani.

Na kama lengo ni kuamsha hamu tu, kwa watoto wa shule ya msingi ambao hawajawahi kuona ziwa, peleka Nakuru bila wasiwasi. Wari mmoja akitua majini mbele ya basi hufanya kazi ambayo karatasi ya pH haiwezi.

Mwaka huu basi letu litashuka Kisumu tena. Litasimama kwanza Ahero, kwenye daraja la Nyando, ambapo kila mwanafunzi atashusha chupa ya lita moja kwa kamba na kuijaza. Chupa hizo hatuzifungui njiani. Tunazipanga dirishani mwa maabara tukirudi usiku, na asubuhi, maji yakishatulia, tunapima kwa rula tope lililokaa chini. Mwaka jana, baada ya mvua za Aprili, lilifika milimita 11, rangi yake nyekundu ya kahawia sawasawa na ile iliyokuwa imeganda kwenye gambuti zetu kutoka shamba la shule.